Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuifunga Tabia Njema kwenye Kazi za Kila Siku Ili Isikatike

Tangu nilipoanza kuwaelekeza watu namna ya kujenga tabia njema, lalamiko ninalolipata ni moja, liwe limetoka hapa Tanga kwa mwalimu wa Chumbageni, kwa mama lishe wa Ngamiani au kwa kijana wa bodaboda wa Makorora: "Nilianza vizuri, wiki ya kwanza sikukosa hata siku moja, kisha sijui ilikuwaje." Nimekaa na wengi wao tukapitia siku zao moja baada ya nyingine, na karibu kila mara nimekuta kwamba kosa halikuwa uvivu. Tabia yao mpya haikushikizwa kwenye jambo lolote ambalo tayari wanalifanya kila siku bila kukumbushwa. Mbuzi asiyefungwa si lazima awe mkorofi ndipo apotee. Atakula majani ya hapa, kisha ya pale, na ikifika jioni yuko mtaa wa tatu.

Mwongozo huu unahusu kigingi cha kumfungia mbuzi huyo. Kigingi ni kazi ya kila siku iliyokwisha kuota mizizi, kama kupiga mswaki, kuwasha jiko, kufunga baiskeli kwa kufuli au kuswali alfajiri. Tabia mpya inafungwa hapo, na utaratibu wa siku ndio unaokukumbusha badala ya moyo wako, ambao leo una ari na kesho umechoka.

Mwongozo haumhusu anayetaka kuachana na pombe, sigara au dawa za kulevya. Huyo anahitaji mhudumu wa afya, na ninamsihi amwendee bila aibu.

Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

Tafuta daftari dogo la shuleni, kalamu, kipande cha uzi wa katani cha urefu wa mkono, msumari mmoja, na kalenda ya ukutani ya aina ile inayogawiwa madukani mwisho wa mwaka. Kalenda ikikosekana, chora visanduku kwenye ukurasa wa daftari.

Unahitaji pia siku 3 za kutazama tu bila kubadilisha lolote, na mtu mmoja wa nyumbani atakayejua unachokifanya. Kazi yake si kukusimamia wala kukukaripia, atakuwa shahidi tu wa kukuuliza jioni, "Leo umetia alama?"

Kengele ya simu sikuiweka kwenye orodha kwa makusudi. Kengele hulia saa iliyopangwa bila kujali uko wapi wala mikono yako iko kwenye nini. Italia ukiwa unakanda unga, utaizima kwa kiwiko, na kesho italia ukiwa unampakia abiria, utaizima tena. Baada ya siku 10 tabia uliyoijenga kwa uhakika ni ile ya kuizima kengele. Wanaotumia dawa zenye saa maalumu wanaweza kuiweka kama ulinzi wa ziada, lakini isiwe kigingi.

Hatua ya 1: Iandike siku yako kama ilivyo

Kwa siku 3 andika kila unachokifanya tangu unapofumbua macho hadi unapolala, kwa maneno mafupi na kwa mfuatano wake. Usiandike saa. Andika vitendo: nimeamka, nimefungua mlango wa uani, nimetawadha, nimeswali, nimewasha jiko, nimebandika chai, nimefagia baraza.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba watu hawazijui siku zao. Mwaka 2002 mtafiti Wendy Wood na wenzake nchini Marekani waliwaomba wanafunzi waandike kila saa walichokuwa wakikifanya, na ikaonekana kwamba zaidi ya theluthi moja ya vitendo vyao vilirudiwa karibu kila siku, mara nyingi mahali palepale. Vitendo hivyo ndivyo hazina yako, lakini kwa kuwa hujifanya vyenyewe, huvioni mpaka uviandike.

Onyo ni moja: usiiandike siku unayoitamani. Kama huamki alfajiri, usiandike kwamba umeamka alfajiri kwa sababu mkeo au mumeo anaweza kulisoma daftari. Kigingi cha kwenye karatasi hakimzuii mbuzi.

Siku ya nne, zungushia duara kila kitendo kilichotokea siku zote 3 bila mtu kukukumbusha. Umefanikiwa ukipata vitendo kama 8 au zaidi. Ukipata pungufu, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba umeruka vile vidogo: kuvua viatu mlangoni, kumimina chai, kuning'iniza funguo, kuchomeka simu chaji.

Hatua ya 2: Chagua tabia moja, uitaje kama kitendo

Andika tabia moja tu. Najua unazo tano, na zote ni njema, lakini anayefunga mbuzi watano kwenye kigingi kimoja siku moja hupata mafundo.

Kisha ipime kwa kipimo hiki: je, mtoto aliyesimama mlangoni akikutazama anaweza kusema kama umefanya au hujafanya? "Kujali afya" mtoto hawezi kukiona. "Kutembea hadi kona ya pili na kurudi" anakiona. "Kuwa makini na fedha" hakioni, lakini "kuandika mauzo ya leo kwenye daftari" anakiona. Tabia yako ikishinda kipimo hiki, nenda hatua ya 3.

Hatua ya 3: Chagua kigingi kinachofaa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Kosa la kwanza ni kuifunga tabia kwenye kipindi badala ya kitendo. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilisema, "Nitatembea kila asubuhi." Asubuhi haina ukingo. Inaanza kabla jua halijachomoza na inaendelea hadi jua linapokaribia utosini, na ndani yake daima kuna nafasi ya kusema bado kidogo. Nilipoibadilisha nikasema nitatembea nikishamwacha mwanangu kwenye lango la shule, mambo yalikaa sawa mara moja. Nikishaupungia mkono ule mgongo mdogo wenye begi kubwa, miguu ilikuwa tayari njiani, viatu viko mguuni, na njia ya kwenda ufukweni Raskazone iko mbele yangu.

Nilitembea hivyo Aprili yote na Mei yote, hata siku za matope ya masika. Kisha mwezi Juni shule zikafungwa. Siku ya kwanza ya likizo sikutembea, ya pili sikutembea, na shule zilipofunguliwa nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba niliwahi kuwa mtu wa kutembea. Kigingi changu kilikuwa imara, lakini kilikuwa cha kuazima: kilifuata kalenda ya shule, na mimi sikuliona hilo mapema. Jiulize basi, kabla hujafunga: je, kitendo hiki kitakuwepo Jumapili? Kitakuwepo Juni na Desemba? Kitakuwepo nikisafiri?

Kosa la pili ni kushika saa mahali ambapo maisha hayaendi kwa saa. Mvuvi wa pale Deep Sea, wanakoshushia samaki hapa Tanga, hawezi kuambiwa afanye jambo saa 1:00 asubuhi kila siku. Maji kujaa na kupwa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku, hivyo saa aliyotia nanga leo siyo atakayotia nanga wiki ijayo, na wavuaji wa dagaa kwa taa hupumzika siku za mbalamwezi. Lakini kila safari ina kitendo kisichobadilika: kusuuza vyombo, kutandaza wavu, kuosha miguu kwa maji baridi. Mvuvi mmoja niliyemshauri aliifunga akiba yake kwenye kuosha miguu. Akishaiosha, kabla hajavaa ndala, anatuma sehemu ya mapato kwenye akiba yake ya simu. Iwe ni alfajiri, iwe ni adhuhuri, miguu lazima ioshwe, na siku asipotoka baharini hapati mapato, kwa hiyo hana anachodaiwa.

Kwa wanaoswali, swala tano ni vigingi bora kuliko vyote nilivyowahi kuviona, kwa sababu vipo kila siku, vina mwanzo na mwisho ulio wazi, na vinasafiri nawe popote. Hapa Tanga, ambako tuko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, Magharibi husogea kwa takribani nusu saa mwaka mzima, kwa hiyo hata mpangilio wa jioni hautikisiki. Wakristo wenye sala ya asubuhi au ya kulala wanacho kigingi cha aina hiyohiyo. Angalizo langu ni kwamba tabia ije baada ya ibada kukamilika, isije ikaikata, na uchague ile swala unayoiswalia mahali pamoja siku nyingi. Isha ya leo msikitini, kesho nyumbani, keshokutwa kazini si kigingi kizuri kwa jambo linalohitaji kifaa kilichobaki nyumbani.

Kwa ufupi, kigingi kizuri hutokea kila siku, huisha waziwazi, hutokea mahali palipo na vifaa vya tabia mpya, na kikiisha hukuacha mikono mitupu kwa dakika chache. Hili la mwisho watu hulisahau. Kumalizia kukaanga vitumbua ni kitendo cha kila siku na kina mwisho, lakini wakati huo wateja wamesimama na vikombe mkononi. Huwezi kukaa kusoma. Pitia maduara yako moja moja kwa vipimo hivyo, na mwisho wake baki na kigingi kimoja.

Hatua ya 4: Andika sentensi ya "nikisha"

Chukua daftari uandike: "Nikisha(maliza kitendo cha kigingi), palepale, nita(fanya tabia mpya)." Kwa mfano: Nikishapiga mswaki asubuhi, palepale, nitakunywa kidonge changu cha presha. Nikishafunga baiskeli kwa kufuli, palepale, nitasoma ukurasa mmoja.

Kiswahili kimetupa hapa kifaa ambacho lugha nyingine hukitafuta kwa maneno mengi. "Nikipiga mswaki" inaweza kuwa wakati wowote wa kupiga mswaki. "Kabla ya kupiga mswaki" ni wakati ambao hauna dalili, maana hakuna kinachokuonyesha kwamba sasa uko kabla. Lakini "nikishapiga mswaki" ina mwisho ndani yake: mswaki umerudi kwenye kikombe, mdomo umesukutuliwa, na sauti ya mswaki kugonga kikombe ndiyo dalili. Tumia "nikisha", usikubali mbadala.

Kuiandika sentensi hii si mapambo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mtu anayeamua mapema ni lini na wapi atafanya jambo hufanikiwa zaidi kuliko mwenye nia tupu ya nguvu ileile, kwa kuwa uamuzi umekwisha kufanyika na wakati ukifika hakuna tena mjadala.

Isome sentensi kwa sauti mbele ya yule mtu wako wa nyumbani. Akikuuliza "Lini hasa?" au "Wapi?", basi haijakamilika, iandike upya.

Hatua ya 5: Ipunguze mpaka iingie kwenye dakika 2

Tabia uliyoichagua ikate mpaka iweze kufanyika ndani ya dakika 2 siku ambayo umechoka, una homa kidogo na umeme umekatika. Ukurasa mmoja badala ya sura. Kona ya pili badala ya Raskazone. Jumla ya mauzo badala ya mchanganuo wote wa unga, mafuta na mkaa.

Wapo wanaopinga hapa, nami nawaelewa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dakika 2 kwa siku hazifiki hata 15. Ni kweli. Lakini katika wiki za mwanzo hujengi misuli. Unajenga fundo kati ya kigingi na kitendo. Fundo likikaza utarefusha kamba. Ukianza na dakika 30, siku ya kwanza ngumu italifungua fundo kabla halijakaza, na ndipo utakaposema "sijui ilikuwaje".

Ukijikuta una ari, fanya zaidi, hakuna anayekukataza. Usipandishe tu kiwango cha kutia alama: dakika 2 zinatosha kutia alama siku zote za mwanzo.

Hatua ya 6: Weka vifaa pale kigingi kilipo

Mama lishe mmoja wa Ngamiani alikuwa akishindwa kuandika mahesabu kwa miezi. Daftari alikuwa nalo, zuri, la jalada gumu, na liko salama nyumbani kabatini. Alipomaliza kuosha masufuria jioni alikuwa amechoka, akifika nyumbani watoto wanamwita, na kesho yake hesabu ya jana imekwisha kuchanganyika na ya leo.

Tulichofanya kilikuwa kidogo. Alinunua daftari jepesi la shuleni, akatoboa tundu kwenye pembe, akapitisha uzi wa katani, akalitundika kwenye msumari uliopigwa kwenye nguzo ya kibanda, usawa wa macho yake anapokuwa amesimama kwenye beseni la kuoshea. Kalamu ikafungwa kwenye uzi huohuo. Sentensi yake ikawa: Nikishageuza sufuria la mwisho kifudifudi, palepale, nitafuta mikono na kuandika jumla ya leo. Nililiona daftari hilo baada ya miezi michache. Jalada lilikuwa limelowa mafuta mpaka mistari ya ndani inaonekana, pembe zimejikunja kama majani makavu ya mgomba, na kila ukurasa una alama ya kidole gumba chenye masizi upande uleule wa chini. Hakuna ukurasa uliorukwa.

Weka basi vidonge kando ya mswaki, juu pasipofikiwa na watoto. Weka kitabu kwenye kikapu cha baiskeli. Weka viatu vya kutembelea kando ya mkeka wa kuswalia. Ukilazimika kupiga hatua zaidi ya 3 kukifuata kifaa, kisogeze.

Kipimo cha mafanikio: kigingi kikiisha, kifaa kiwe ndicho kitu cha kwanza ambacho jicho linakiona au mkono unakigusa.

Hatua ya 7: Tia alama kila siku, na usizihesabu siku 21

Ukishamaliza kitendo, tia mkwaju mmoja (/) kwenye kalenda. Alama itiwe palepale, isisubiri jioni.

Sababu ya kwanza inajulikana: mstari wa mikwaju humtia mtu moyo. Sababu ya pili nilifundishwa na shangazi yangu, anayetumia dawa za presha. Nilimuuliza kama huwa anasahau dawa, akanijibu, "Mwanangu, dawa sisahau. Ninachosahau ni kama nimeshakunywa." Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Tabia ikishaota mizizi, mikono huifanya wakati akili iko kwingine, na haiachi kumbukumbu yoyote. Kwa anayesoma ukurasa mmoja, kusoma mara mbili hakudhuru. Kwa anayekunywa dawa, kurudia kunaweza kumdhuru. Kwa hiyo tulichukua kalamu tukaandika siku za juma nyuma ya karatasi ya vidonge vyake, juu ya kila kidonge, naye akikuta cha Jumatano kimetoka anajua kwamba Jumatano imekwisha. Atumiaye dawa amwulize pia mfamasia au mhudumu wa kliniki yake kuhusu wakati unaofaa na la kufanya akikosa dozi, na asinywe dozi mbili kwa pamoja kwa kukisia.

Sasa kuhusu siku 21. Hesabu hiyo imeenezwa kutokana na maelezo ya daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzizoea sura zao mpya. Hakuwa akipima tabia ya kutembea wala ya kusoma. Phillippa Lally na wenzake wa University College London ndio waliowafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa ameifunga tabia yake kwenye jambo la kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Walichokikuta ni kwamba muda wa katikati wa tabia kuwa ya kujiendea yenyewe ulikuwa siku 66, na makadirio ya mtu mmoja mmoja, mengine yakivuka zile wiki 12, yalitofautiana kuanzia siku 18 hadi siku 254. Kunywa maji kulizoeleka mapema. Mazoezi ya mwili yalichelewa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu waliokata tamaa siku ya 22 wakidhani wana kasoro. Jiwekee miezi 3, na usimwonee wivu jirani aliyezoea kwa wiki 3. Huenda tabia yake ilikuwa nyepesi kuliko yako.

Hatua ya 8: Siku utakayokosa

Utakosa. Utafiti huohuo wa London ulionyesha kwamba kukosa nafasi moja hakukuathiri kwa kiasi cha kuonekana safari ya tabia kuzoeleka. Kwa niliyoyaona mimi, kinachoua tabia ni siku ya pili, kwa maana siku ya pili kigingi hupita bila kitendo na akili inaanza kujifunza kwamba inawezekana.

Kwa hiyo ukikosa jana, leo fanya kipimo cha dakika 2 na kisizidi, hata kama una nguvu. Usilipe deni. Anayekosa ukurasa jana akajiadhibu kwa kurasa 10 leo, kesho atakiogopa kitabu. Acha kisanduku cha jana kitupu, usikijaze wino, na andika pembeni yake neno moja la sababu: mvua, mgeni, homa, uchovu. Sababu moja ikijirudia mara 3 ndani ya mwezi, tatizo liko kwenye kigingi, nawe rudi hatua ya 3.

Hatua ya 9: Hamisha kigingi kabla ya msimu kubadilika

Mwezi wa Ramadhani hung'oa vigingi vyote vya chakula kwa siku moja. Chai ya asubuhi haipo, chakula cha mchana hakipo, usingizi umegawanyika mara mbili. Aliyeifunga tabia yake kwenye kifungua kinywa asingoje mwezi uandame. Wiki moja kabla aandike sentensi ya pili itakayotumika mwezi huo, kwa mfano: Nikishakunja mkeka wa futari, palepale, nitasoma ukurasa mmoja. Kwa wenye dawa, mabadiliko haya yapangwe na mhudumu wa afya kabla ya mwezi kuanza. Idi ikipita, isome tena sentensi ya zamani kwa sauti siku ya pili ya Idi, na hesabu siku chache za kuyumba kuwa ni za kawaida.

Masika na vuli huwasumbua wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Andaa kitendo mbadala cha kigingi kilekile, kifanyike ndani: ukishindwa kwenda hadi kona ya pili, panda na kushuka ngazi ya baraza kwa dakika 2, kisha tia alama kama kawaida.

Msiba ni tofauti. Ukiwa matangani kwa siku 3 au zaidi, unalala kwa watu, unakula kwa zamu, na hakuna hata kitendo kimoja kilicho mahali pake. Usijilazimishe, mahitaji ya wafiwa yanatangulia. Lakini vipo vigingi viwili vinavyokufuata hata huko, navyo ni kupiga mswaki na kutawadha. Kama tabia yako ni ya lazima, kama dawa, iwe imefungwa kwenye kimojawapo cha hivyo tangu mwanzo.

Hatua ya 10: Lini urefushe kamba, lini uongeze tabia ya pili

Usiamue kwa idadi ya siku. Tazama dalili. Dalili ya kwanza ni kwamba unajikuta katikati ya kitendo bila kukumbuka ulipokianza. Dalili ya pili ni kwamba ukikosa, mwili unahisi kuna jambo limepungua, kama aliyetoka nyumbani bila funguo. Dalili ya tatu, na ndiyo ninayoiamini zaidi, ni kwamba mtu wa nyumbani ameacha kukuuliza kwa sababu naye ameshazoea kukuona ukifanya.

Zikionekana zote 3, refusha kamba taratibu: kutoka kona ya pili hadi ya nne, na baada ya wiki 2 zaidi hadi ufukweni. Zile dakika 150 za wiki hufikiwa kwa njia hii, kwa mfano matembezi ya dakika 30 kwa siku 5.

Tabia ya pili, ukiitaka, ifunge kwenye ile ya kwanza, ambayo sasa imekuwa kigingi. Yule mama lishe alipokuwa amezoea kuandika jumla ya mauzo, alichora mstari wa pili chini ya wa kwanza, akaandika sentensi mpya ndani ya jalada lenye mafuta: Nikishaandika jumla, palepale, nitatoa ya mtaji wa kesho na kuitia kwenye kikopo. Kikopo hicho alikitundika kwenye msumari uleule.